Nyota Yenye Mkia

Kianda, Kibera

Mpendwa Mjomba Muia,

Nakusalimu kwa heshima. Nimeajiriwa kukagua mbao zinazotoroshwa kutoka misitu iliyofungwa. Katika maombi yangu nilieleza historia ya mji wetu, Kambi Mbao: kiwanda kilichouzaa, marufuku ya kukata miti iliyokifunga, nawe uliyekuwa wa kwanza kutundika msumeno ukutani.

Jana, Kawangware, nilikuta mbao zenye nyota yenye mkia, alama uliyokuwa ukichonga kwenye kila ubao wako.

“Hizi ni za zamani?” nikauliza.

Muuzaji akacheka. “Zii, boss. Zimekatwa juzi. Gusa, bado zina maji.”

Sielewi, Mjomba. Nimekwangua nyota moja kwa kisu hadi ikafutika. Zimebaki arobaini, na ripoti inatakiwa Ijumaa. Tafadhali niambie ni nani mwingine anayeichonga.

Mpwa wako mtiifu,
Mwanzia