Kiingereza ya Wangechi

Jumatatu, 3 Machi
Nimekama. Maziwa imeenda na bodaboda. Wangechi, mjukuu wangu, tangu chai amekaa jikoni akisemea simu Kiingereza. Ijumaa ameitwa hoteli moja Nyeri mjini, intavyuu. Akipata kazi, atahama na mtoto wake. Akikosa, abaki hapa kumaliza ndizi zangu. Mume amemrudisha mara mbili, kama debe lililotoboka.

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza anasema nini. Ati Kiingereza iko na ngazi ya kujua kazi. Ukianza kuishika, unasema “getting the hang of it”. Ukizoea hadi mkono unafanya bila kuulizwa, “second nature”. Ukifika juu, hakuna wa kukufundisha tena, “down to a fine art”. Ukiruka ngazi, bosi anajua wewe ni mwongo. Nikamwambia chapati yake haijafika hata ngazi ya kwanza. Akacheka. Anacheka ovyo huyu.

Jumatano, 5 Machi
Kina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Kwetu mtu haendi kutafuta kazi bila maombi na chai. Wakataka kusikia hiyo Kiingereza kwanza. Akasimama akaitoa yote, shingo juu. Wakapiga makofi. Kwa nyumba yangu. Nikasema, “Kuosha sufuria, getting the hang of it. Kurudishwa na mume, hiyo ni second nature.”
Walicheka hadi chai ikamwagika. Hata mke wa pasta. Nilitumia sawasawa kabisa, na shule niliachia darasa la tatu. Wangechi akabeba mtoto akatoka. Hakuna aliyeomba. Walimaliza mandazi wakaenda.

Alhamisi, 6 Machi
Haniongeleshi. Sawa. Kelele imepungua.

Ijumaa, 7 Machi
Amepata kazi. Amekuja saa tisa kuchukua nguo na mtoto. Sikumpongeza. Hakuwa amenisalimia. Mlangoni akageuka, akasema polepole kama mwalimu, “Cucu, kuumiza watu umeijua. Down to a fine art. Hakuna wa kukufundisha.”
Mtoto alinipungia mkono. Waende. Hawa hawana shukrani.

Jumapili, 9 Machi
Mvua. Sikuenda kanisa. Nimechemsha viazi na mahindi, nimeponda mukimo. Nimepakua sahani mbili na kibakuli ya mtoto.
Mkono ulifanya bila kuulizwa.