Makopo mawili ya mbegu na ukuta wetu wa kusoma

Jumamosi, Bonga. Upepo tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka ndani ya chandarua.

Naomba radhi. Nimekaa kimya mwezi mzima na zaidi, na baadhi yenu mlituma makaratasi kwa basi bila kupata hata neno la asante. Yalifika yote. Asanteni. Sababu ya kwanza ni mwanangu Nuru, anaota meno mawili ya juu kwa mpigo na hataki kuwekwa chini. Sababu ya pili ni aibu. Sababu ya tatu, nilikuwa nangoja kitu kiote, na hakiwezi kuota haraka eti kwa sababu mimi nataka kuandika.

Nieleze kwa mpangilio, maana nimechoka, nikiruka nitapotea.

Kwa aliye mgeni hapa: najitolea kufundisha darasa la kwanza katika shule moja huku Bonga, nikisubiri ajira. Watoto ni tisini na kitu. Kitabu kimoja wanashika wanne, na aliyekaa upande wa mbele anasoma kichwa chini miguu juu. Ndiyo maana nilianzisha ukuta. Niliwaambia walete karatasi za vitu vya nyumbani, za majani ya chai, chumvi, sabuni, maziwa, kiberiti, tukazibandika kwa uji wa unga wa ngano mpaka ukuta wa nyuma ukajaa. Nyumbani kwa wengi wao hakuna kitabu, lakini hakuna nyumba isiyo na chumvi, na pakiti ya chumvi imeandikwa chumvi. Wazo lilikuwa hilo tu.

Kila asubuhi nilishika fimbo, nikagusa karatasi, wakaitika kwa sauti moja. Nikavimba kichwa. Nikawaandikia hapa kwamba watoto wangu wanasoma.

Hawakuwa wanasoma.

Siku moja Mwalimu Mkuu aliingia, akasikiliza, akachukua chaki na kuandika CHUMVI ubaoni. Darasa kimya. Nikadhani wanamwogopa. Akaenda ukutani, akabandua pakiti ya chumvi, akaigeuza chini juu ili hata mimi nisiweze kuisoma vizuri, akaiinua. Wote wakapiga kelele: chumvi.

Hakunisema mbele ya watoto, na kwa hilo namshukuru. Alinitoa nje, akaongea taratibu.

“Mwalimu, hawa wanajua duka. Kusoma bado.”

Akasema kabla ya likizo fupi ataandika tena ubaoni. Wakinyamaza, ukuta unabanduliwa, darasa anapewa mwalimu mwingine, na mimi narudi kushika watoto wa awali. Walikuwa wanasoma rangi. Nyekundu ni chai, bluu ni chumvi. Na mimi ndiye niliyewafundisha hivyo, kwa fimbo na kwa shangwe.

Nililia kidogo wakati namwogesha Nuru. Kidogo tu, maana maji yalikuwa yanapoa.

Kesho yake nikaanza upya. Nilichukua maboksi, nikaandika maneno yale yale kwa makaa, nyeusi tupu, bila rangi wala picha. Halafu nikayakata. CHAI ikawa CHA na I. SABUNI ikawa vipande vitatu. Vyote ndani ya ndoo. Mtoto anachota vipande, anaunda neno, kisha anakwenda ukutani kulitafuta lilikotoka. Siku za kwanza zilikuwa vurugu. Mmoja aliokota SA tatu, akazipanga, akasoma “sasasa” huku anacheka mpaka anashika tumbo. Nilifurahi kuliko siku zote za ukuta, maana sasasa haiuzwi dukani.

Silabi zikatuishia. Ijumaa nikawaambia, Jumatatu kila mtu aje na karatasi moja mpya.

Sikusema ziwe tupu.

Jumatatu mmoja alileta kiberiti kimejaa njiti. Mwingine alileta kipande cha kalenda ya baba yake, ya mwaka huu huu. Na Restituta, mtoto ambaye tangu Januari nilikuwa nasikia sauti yake wakati wa kuita majina tu, alileta pakiti mbili za mbegu, zimefunguliwa vizuri juu kwa wembe. Nikamsifu. Nikazibandika. Sikuuliza mbegu zimekwenda wapi.

Jumanne mama yake akaja na makopo mawili ya plastiki. Ni mama mtu mzima, wametoka Mbulu, wanalima bonde dogo karibu na mto. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Aliweka makopo juu ya meza ya ofisini, Mwalimu Mkuu akiwa amekaa pale pale.

Akaniuliza kama ni mimi niliyemtuma mwanawe kumwaga mbegu. Nikasema niliomba karatasi. Akasema pakiti moja ilikuwa ya kabichi, ya kupanda bonde zima, na nyingine ya chainizi, tuta moja tu la mboga ya nyumbani. Na mbegu zake hazina tofauti, vipunje vya kahawia kama vimezaliwa tumbo moja. Yeye alikuwa anazijua kwa picha ya pakiti. Kumbe na yeye, kama darasa langu. Nikaangalia chini.

“Namuuliza, ipi kabichi? Ananijibu, nimeandika. Namuuliza tena, nimeandika. Mtoto amejifunza kunidharau huku kwenu. Na takataka amezitia humo humo.”

Nikafungua kopo la kwanza. Juu ya mbegu kulikuwa na kipande cha boksi, kimeandikwa kwa makaa: KABICHI. Kopo la pili: CHAINIZI. Herufi zimelala kama mahindi baada ya upepo, lakini zinasomeka.

Nikavitoa vyote viwili, nikaviweka mezani. Mwalimu Mkuu akavichukua, akavisoma, akasema atakuwa amenakili kwenye pakiti.

Nikaenda darasani, nikabandua pakiti zote mbili, nikampa. Kizungu kitupu. Hakuna kabichi wala chainizi mahali popote. Aliisogeza pakiti karibu na miwani, akaipeleka mbali, akairudisha.

Tukamwita Restituta. Nikamuuliza ameliandikaje neno la chainizi. Aliangalia viatu vya mama yake. Halafu akaongea, kwa sauti ya mtu anayetaja alipoficha kitu.

“Mwanzo nimetoa kwenye chai. NI iko kwenye sabuni. ZI iko kwenye maziwa.”

Mama yake alituangalia mmoja mmoja, kama anayesubiri atafsiriwe.

“Hayo ya kwenu siyajui,” akasema. “Mimi najua tuta.”

“Basi tungoje tuta,” akajibu Mwalimu Mkuu.

Yakawa ndiyo makubaliano. Mama Restituta angesia kidogo kutoka kila kopo, matuta mawili, kila moja na kijiti chenye kipande chake cha boksi. Ukuta ungekaa mpaka zitakapoota. Kabla hawajaondoka nilimsimamisha Restituta mbele ya mama yake, nikamwambia aombe msamaha. Alishangaa, nafikiri alitegemea pongezi. Pongezi nilimpa baadaye. Kuandika vizuri hakufuti kosa la kufungua kitu cha mama yako bila kumwuliza. Na mimi nikaomba msamaha wangu, maana kosa lilianzia mdomoni mwangu.

Sasa mnajua nilikuwa nangoja nini.

Nilipita pale kila jioni, Nuru mgongoni, najifanya naelekea mtoni. Zilipoota, zote zilikuwa na vijani viwili vya mviringo, zinafanana kama mbegu zake. Nikapata hofu ambayo sikuitegemea. Nilijua mtoto anaweza kuandika. Lakini je, kama alichanganya vipande? Mama angelima bonde zima la mboga asiyoitaka, na angeamini kwamba kusoma ni kitu cha kumharibia nyumba. Nani angemlaumu? Ukuta wangu ulikuwa jambo dogo hapo. Restituta asingefungua mdomo tena.

Wiki ya tatu nilimkuta mama amesimama kati ya matuta, jembe begani. Tuta moja lilikuwa na majani mapana ya kijani kilichopauka, yamejikunja kunja. Chainizi. La pili majani magumu, ya kijani chenye ubluu, maji yanateleza juu yake kama yamepakwa mafuta. Kabichi. Nikasoma vijiti. Ndivyo vilivyosema.

“Karatasi imesema kweli,” akasema.

Halafu akasema, marahaba. Sikuwa nimemsalimia bado. Alikuwa anaitikia ile ya ofisini.

Jumatano Mwalimu Mkuu alirudi na chaki. Hakuandika chumvi. Aliandika KOPO, neno ambalo halipo ukutani kwetu. Nilishika mkono wangu mwenyewe nisije nikawaonyesha. Wakaanza kunong'ona, KO, KO, halafu likatoka, si kwa sauti moja kama zamani, limetawanyika, huku na huku. Si wote. Niwe mkweli, kuna kama robo ya darasa bado wanamwangalia jirani mdomoni. Hao ndio kazi yangu ya muhula huu. Restituta alilisema kimya kimya, lakini nilimwona midomo.

Mwalimu Mkuu akasema ukuta ubaki. Akaongeza kwamba kuna mtu ameandika OFISI kwa makaa kwenye mlango wake, afutwe. Nikauliza afutwe mtoto au mlango. Alicheka, jambo ambalo si la kila wiki.

Jana Mama Restituta alipita nyumbani na fungu la chainizi changa alizopunguza tutani, akalalamika kwamba mtoto ameandika nyumba nzima. “Hata mlango ameuandika mlango. Kwani nilikuwa siujui?” Lakini hajafuta. Nilimuuliza, akasema hana muda wa kufuta.

Nuru anaanza kugeuka, nimalizie. Wengi mmeuliza mtume nini tena. Karatasi za chai na chumvi zinatosha, msitume. Ninachohitaji ni maboksi makavu, yaliyofunguliwa na kulazwa, yenye upande mmoja usio na maandishi. Makapeni sita, zile kalamu nene za wino, nyeusi tu, maana rangi imeshanitia aibu. Mikasi miwili isiyo na ncha. Ndoo ndogo mbili zenye mifuniko, kwa sababu hii tuliyonayo haina, na siku ninazokuja na Nuru darasani anatia mkono na kutafuna silabi. Karatasi za bidhaa zenye GHA, DHA au NG'A, huku kwetu hazionekani. Zote ziwe tupu. Narudia, ziwe tupu, na mwenye kitu aulizwe kwanza.

Na pakiti moja ya mbegu za karoti. Hiyo peke yake ije na mbegu zake ndani. Ni ya Mama Restituta. Anasema kuna kopo la tatu halina kitu, na mtoto ameshaliandika.