Shina la Zambarau kwenye Balkoni ya Maman

Maman,

Leo asubuhi nimeikata bangi yako. Usikasirike kwanza, ngoja nikueleze. Tangu tukuzike nimejifunza mengi kuhusu mmea huu kuliko siku zote ulipokuwa ukiutengenezea mafuta yako ya kuchua na kunifukuza balkoni: "Acha dawa ya miguu yangu, mutoto."

Siku za kilio nyumba ilijaa. Watu walitoka Matonge, wengine Berchem, mitaa yote ya huku ugenini, wakakaa mpaka kwenye ngazi. Waliotoka balkoni kupumua walikuta chungu chako, na kwa kuwa hakuna aliyejua ni mmea gani, kila mmoja aliuhurumia. "Fleur ya maman iko na kiu," walisema, wakalimwagia ua hilo maji. Wamama wa kwaya yako, Maman, waliimwagilia bangi. Huwa nacheka peke yangu, halafu nataka kukupigia simu.

Walipoondoka ndipo nilipoona. Mashina uliyoyaacha ya kijani yalikuwa yamegeuka zambarau, mistari mistari hadi kwenye vikonyo vya majani. Maman Mudogo, mdogo wako, aliangalia akasema, "Muti unalia mwenyewe wake. Tupa." Sikutupa. Nilitaka kujua rangi ile inatoka wapi, na inasema nini.

Nikamwita mzee wa ghorofa ya chini, yule padri mstaafu aliyeishi Kivu, ambaye ulikuwa unafunga dirisha akipita ili asisikie harufu. Alijua siku zote, Maman. Alipanda ngazi polepole, akavaa miwani, akasema kwa Kiswahili chake cha zamani, "Mama yako alidhani pua yangu nayo imestaafu."

Akanionyesha namna ya kutazama. Zambarau peke yake, alisema, si lazima iwe ugonjwa. Kuna aina zinazozaliwa nayo, na usiku wa baridi huileta, na hapa Ganshoren usiku umeanza kuwa wa baridi. Lakini pia inaweza kuwa njaa, mmea unapokosa fosforasi. Donc, basi, tusikimbilie kusema, tuguse. Juu, shina lilikuwa gumu. Chini, karibu na udongo, tawi moja lilikuwa la kahawia, tena laini. Ukilibonyeza kidole kinaingia kama kwenye ndizi iliyoiva sana.

"Hii ndiyo ya kuogopa," akasema.

Sahani iliyo chini ya chungu ilikuwa imejaa maji ya wageni. Mizizi isiyopata hewa inaoza, na haiwezi kula hata chakula kikiwepo. Tulikata lile tawi, na hata ndani lilikuwa la kahawia, limeoza. Tukamwaga maji, tukaacha udongo ukauke.

Nikawa nangoja. Kila nikitoka kazini, kwenye nyumba ninakotunza wazee, nilikwenda balkoni kabla ya kuvua koti. Zambarau haikuondoka. Mzee akaniambia nisingojee shina la zamani libadilike, nitazame yanayoota. Yaliyoota yalikuwa ya kijani. Mmea ukatoa maua, harufu ikashuka ngazi zote, na hakuna jirani aliyelalamika.

Sasa baridi imeingia kweli, majani yamekauka. Mmea huu huishi msimu mmoja tu. Hata hilo sikulijua. Ila nilibaki na swali, lile lile ninalojiuliza juu yako tangu ulipolazwa hospitali. Je, kuna kitu kilikuwa kinaonekana, nami sikukiona? Kwa hiyo leo nimechukua kisu cha jikoni, nikakata shina karibu na udongo, nikalipasua kwa urefu. Nilikuwa naogopa, Maman.

Ndani lilikuwa jeupe. Safi, kutoka chini hadi juu. Halikufa kwa maji yale wala kwa mkono wangu. Msimu wake ulikuwa umeisha.

Nimekaa chini pale pale balkoni, nikalia vizuri, kwa mara ya kwanza tangu kaburini.

Bon. Pumzika, Maman, na miguu yako ipumzike. Nakuahidi nitaacha kuzipekua siku zako za mwisho nikitafuta kosa. Na Jumapili nitamwambia Maman Mudogo ule ulikuwa muti gani. Atajifanya amekasirika, atataja majina ya watakatifu wote, halafu ataniuliza polepole kama yale mafuta yamebaki kidogo kwa ajili ya magoti yake.

Nitampa.

Binti yako,
Furaha