Bwambale, si Biira aliyekuua

Bwambale mudogo wangu,

Mimi nina miaka sabini na mbili. Nimeishi kupita wazungu waliotubebesha mizigo kutoka Nyakalengija kupanda mulimani, kupita tetemeko lililolaza nyumba za mawe, kupita wake wawili, na wewe pia. Barua hii naandika kwa mukono wangu, kwa herufi zilezile nilizofundishwa kwenye katekisimo. Zinatosha.

Unakumbuka ulivyokohoa kule mulimani, nikakuambia, "Polepole, utaangusha theluji." Ukacheka, ukaomba kiko. Kiko moja, tumbaku moja ya shamba langu, tangu ujana. Ndiyo maana ulipokufa nilihesabu hivi: tumevuta sawa, mimi niko muzima kama ng'ombe dume, basi wewe umelishwa kitu. Siku ya kumaliza matanga nilisimama mbele ya watu nikamunyooshea muke wako kidole. Biira akakunja mukeka, akachukua watoto, akarudi kwao Munkunyu. Hakuna aliyenipinga. Nani angenipinga mimi?

Mwaka huu muguu ulivimba, wakanipeleka hospitali Kasese. Daktari kijana akasikiliza kifua. Nikamuambia humo ndani ni chuma, na ndugu yangu angekuwa hai kama si muke wake. Akaweka chombo chake chini. "Muzee, nani alikuambia ndugu wawili iko na mwili moja?"

Akanieleza. Mwili ni vipande vidogo sana, anaviita seli. Ndani yake kuna vipokezi, kama vijana wa kupokea mizigo njiani. Moshi ukiingia, kipokezi kinaudaka, kinaamsha kazi ya kuuvunja. Katika kuvunjwa, vinatoka vipande vibaya kuliko moshi wenyewe, vinakwaruza maandishi ya urithi ambayo mwili unasoma ili kujijenga. Yakiharibika, uvimbe unaweza kuota kifuani, mutu akakohoa mpaka kufa. Kwa mutu moja vipokezi vina mbio, kwa mwingine vivivu, hata kama tumbo ni moja. Alisema wasomi wanajaribu hayo kwa panya, bado wanatafuta. Tena alisema mimi si chuma, nimepona mpaka leo tu. Hilo nilimukatalia. Lakini njia yote ya kurudi kwetu Bwera, Bwambale, nilihesabu upya.

Nikaenda Munkunyu na muguu uleule. Biira alikuwa anapalilia maharagwe. "Shemeji, kumbe njia unaijua." Nikamuomba arudi. Mimi. Akasema harudi mpaka niseme mbele ya watu walewale.

Nilisema, Jumapili baada ya misa. Nilisema sumu ilitoka katika kiko yangu, si jikoni kwake.

Amerudi. Watoto wako wanalala nyumbani kwako. Kiko nimevunja, tumbaku nimeng'oa, nimepanda kahawa. Hatujui walirithi vipokezi vya nani, kwa hiyo naahidi: nikiwa hai, hakuna mutoto wako atakayevuta.

Lala, mudogo wangu. Ya Jumapili ile katekista anaweza kushuhudia, alinishika mukono nilipojikwaa, kofia ikaanguka. Na Biira mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaokota kofia yangu chini, akanipa. "Vaa, shemeji. Jua ni kali."