Kidole cha Mama

Baleni,
Mafia.
14 Juni, 2024

Mpendwa kaka Sufiani,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, wewe, wifi na watoto. Kile kifua chako kimepona, au bado unakidanganya kwa tangawizi? Sisi tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Mama anakula, anatembea, na ugomvi wake na kuku wa jirani haujaisha.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu nimeshindwa. Kila nikipiga nakusudia kulisema jambo hili, kisha naishia kukuuliza habari za mvua.

Ulisikia kwamba kidole cha Mama kililiwa na tandu. Sivyo, kaka. Tandu alimng'ata kweli, baada ya adhuhuri, alipokuwa anageuza makuti aliyoyaroweka ili aanze kusuka. Alimng'ata kidole cha shahada, mkono wa kulia. Nami nikafanya alivyotufundisha marehemu babu: nikakifunga shinani kwa kamba ya usumba wa nazi, nikaikaza kwa meno, sumu isipande moyoni. Sharti lake unalikumbuka, kamba haifunguliwi mpaka jua lichomoze tena.

Mama aliniomba nimfungulie. Aliniomba tangu magharibi, Sufiani, nami nikamwambia avumilie. Nilidhani namwokoa.

Asubuhi kidole kilikuwa cheusi na baridi. Nesi Albina wa zahanati alikitazama, akauliza kamba ilikaa muda gani. Nilipomwambia akasema, "Dada, tandu anauma vibaya na mkono unavimba, lakini ni nadra kumuua mtu mzima. Mngeosha kwa sabuni, mkamleta tumpe dawa ya maumivu. Hiki kidole kimekufa kwa kukosa damu." Hospitali wakakikata, kikabaki kipande.

Mama alinitangulia kusema. Kila aliyekuja kumpa pole, Mama alimwambia kidole kimeliwa na tandu. Alinisitiri, nami nikakubali kusitiriwa, maana niliona aibu. Kijiji kizima kikaamini, na wewe ukaamini.

Lakini mficha maradhi kilio humfichua. Jumatatu iliyopita Warda, binti wa jirani yetu Mwanahalima, mwenye miaka minne, aliumwa na nge mguuni. Nilimkuta mama yake ameshashika kamba, anamwambia, "Tulia mwanangu, usije ukakatwa kama Bi Swabaha." Kaka, nilisikia jina la mama yetu likitajwa juu ya kamba ile.

Nikamnyang'anya kamba. Nikasema mbele ya majirani waliokusanyika, "Tandu hakula kidole cha Mama. Nimekiua mimi, kwa kamba kama hii." Tukampakia mtoto kwenye bodaboda hadi zahanati, kwani nesi aliniambia mtoto mdogo akiumwa na nge asisubiriwe nyumbani, wala mtu yeyote anayevimba uso au kushindwa kupumua. Warda alilia sana, akatapika, tukawa na hofu. Kesho yake akaomba uji.

Sasa wapo wanaoniangalia kwa jicho jingine. Waangalie tu. Ila wewe ni kaka yangu, na nimekuacha uamini uongo miezi mitatu. Nisamehe. Na wanao wakiumwa na mdudu usiwafunge kamba, hata kama babu alisema.

Mjomba Amiri wa Utende anakusalimu, na binti yake Shani anakuuliza lini utakuja. Mama anasema ukija usisahau dagaa wa ziwani. Wasalimie wifi na watoto. Mungu akulinde na kila chenye sumu, na akulinde pia na mikono yetu sisi tunaokupenda.

Jambo la mwisho. Siku ile ya Warda nilimwomba Mama radhi. Alisema tu nimtilie maji ya udhu, tukaswali alasiri bega kwa bega. Tulipofika kwenye shahada, pale kidole kinapoinuliwa, nilitupa jicho, nikaona kile kipande cha kidole kimeinuka juu ya paja lake. Alipotoa salamu akanigeukia, akaniambia, "Kinatosha, mwanangu."

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Somoe