Jenerali Aliyejua Kurudi Nyuma

Shelburne, Nova Scotia, 3 Machi 1800, mwaka wa kumi na saba tangu nitoke nyumbani.

Mwanangu Femmetje,

Baba yako mzima, ila miguu imevimba. Samaki wa chumvi tunao, viazi vimeoza.

Unasema kijiji chetu chote cha Flatbush kimefunga vitambaa vyeusi kumlilia Jenerali Washington, na kwamba majirani watanipokea, hata mimi niliyekuwa upande wa mfalme wa Uingereza vitani, nikiandika sifa zake zisomwe kanisani. Mumeo Teunis amekutuma: "Mwambie huyo mzee mbishi aandike tu kwamba Jenerali hakukosea hata siku moja, aje afie kwao!"

Natamani sana kufia kwetu. Kwa hiyo niliketi nikaandika kwamba hakuna aliyejua kurudi nyuma kama yeye. Pale Brooklyn alivusha jeshi zima mtoni ndani ya ukungu, adui akaamka akakuta mahandaki matupu. Kushinda si kazi. Kazi ni kushindwa na kubaki na jeshi. Hilo nalisema kwa moyo mweupe.

Lakini nikaandika pia kwamba siku chache kabla, aliiacha njia ya kwenda kijiji jirani cha Jamaica karibu bila walinzi, njia tuliyopitishia ng'ombe miaka yote. Hakuna aliyetuuliza. Waingereza wakapita huko, wakawatokea vijana wetu mgongoni, na kaka yako Joris, aliyenikana ili amfuate Jenerali, hakuonekana tena.

Najua sentensi hiyo haisomeki kanisani. Nimeifuta mara mbili, nikairudisha. Joris hana kaburi jingine.

Wabusu wajukuu. Sitarudi.

Baba yako,
Rem Snediker