Nywila Nyuma ya Kichwa cha Mwalimu

Besti, umelala? Amka!

Asubuhi nilikuwa napiga pasi sketi huku naangalia kwenye simu ya mama ile picha ya darasa, mwalimu wa kompyuta kaiweka grupu la wazazi. Nikaivuta ikue. Nyuma ya kichwa chake kuna karatasi ukutani, ina nywila, yaani neno la siri la kuingilia mfumo wa alama. Za shule nzima!

Nilipofika shule nikamfuata mwalimu huyo nikamnong'oneza. Mimi, ninayeitikia jina kwa tabu.

Akapaza sauti mbele ya darasa: "Nani kakutuma uchungulie? Wezi huanza hivi hivi!"

Mwizi. Mimi. MWIZI.

Eti nisikanyage chumba cha kompyuta tena. Na kozi yangu ya usalama wa mtandao naisomea pale pale, zimebaki mada mbili!

Nililia chooni, basi, imetosha. Kazi hii ya usalama wa mtandao nitaifanya, apende asipende.

Nimemwandikia mwalimu mkuu WhatsApp kwa simu ya mama: "Shikamoo mwalimu. Nywila ya alama inaonekana kwenye picha. Sijaitumia. Naomba ibadilishwe, nami nirudishwe chumba cha kompyuta. Anayekwambia mlango uko wazi si mwizi."

Kausoma, tiki za bluu tangu saa nne usiku. Hajajibu.

Na ujumbe siufuti.